Gibson Alivyogombana na Runinga

Ukiingia kinyozi kwa Gibson hapa Voi na runinga imewashwa, usitarajie kutoka mapema. Huyo mtu ana maoni kuhusu kila kinachopita. Wanamuziki wa siku hizi, husema, wanaimba majina ya pombe tu. Wimbo ukiisha umelewa bila kunywa. Sinema za kupigana anazidharau kwa sababu bastola moja inamaliza mtaa mzima bila kujazwa risasi. Vibonzo vya gazeti anavikata na kuvibandika ukutani, na ole wako umwambie ni mambo ya watoto. Mimi, Amin, nauza chaja na kofia mlango wa pili, na tumebishana miaka. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Amin, runinga haidanganyi mtu. Mwenye akili anajua kuigiza ni kuigiza."

Basi jioni moja, kwenye ile tamthilia anayoipenda kuliko zote, akatokea mama yake.

Sikukosea. Alikuwa Mama Jedidah wa Wusi, kule milimani, na leso yake ya kijani, amesimama mlangoni kwake akipuliza maji kutoka mdomoni. Wakaweka radi. Wakaweka ngoma. Halafu wakaonyesha bibi harusi wa Nairobi anaanguka, na mtu anapiga kelele kwamba amerogwa na kikongwe wa Kitaita.

Nicholas, aliyekuwa kitini na povu shingoni, alicheka. "Gibson, si huyo ni mathako? Ninyoe pole pole, bro, nisirogwe!"

Gibson alizima mashine. "Toka."

"Nusu kichwa?"

"Toka na hiyo nusu!"

Nilichukia mimi pia. Mimi si Mtaita, lakini chai ya yule mama nimekunywa. Alichokuwa akifanya kinaitwa kutasa. Mzee anachukua maji ya muwa mdomoni, anayapuliza huku akitoa maneno ya heri, ili hasira imtoke mtu na mambo yake yanyooke. Sharti ni moja: anayetasa asiwe na kinyongo na yeyote, la sivyo baraka inaharibika. Vijana fulani wa kamera walimwendea kwake, wakamwambia wanatengeneza kipindi cha mila kwa ajili ya wanafunzi. Wakala ndizi zake. Walipokuwa wanaaga akawatasia wao wenyewe wafike salama, nao wakachukua baraka yao wakaiuza kama uchawi. Washenzi hawana hata haya!

Gibson aliwapigia simu. Akajibiwa ni burudani tu, asichukulie vibaya. Siku ile runinga haikuwashwa tena, na vibonzo alivibandua ukutani kimoja kimoja akivikunja ngumini. Kilichomuuma zaidi ni habari iliyofika wiki iliyofuata kutoka nyumbani: kanisani wanawake walikuwa wamehama benchi la mama yake.

Jumapili tukapanda Wusi. Tulimkuta Mama Jedidah ameshatoka kanisani, anamenya viazi, mtulivu kuliko sisi.

"Nitawashtaki," Gibson alisema kabla hata ya kuketi. "Nitawafuata mpaka Nairobi."

"Wale vijana niliwabariki na moyo mweupe, mwanangu. Walichofanya na baraka hiyo watajibu kwa Mungu."

"Na hao wa kanisani?"

"Watachoka. Viti vya pale vyenyewe ni vichache." Akamtazama vizuri. "Lakini wewe umeniletea hasira nyumba nzima imejaa. Amin mwanangu, nipe hicho kikombe."

Nikampa kikombe cha maji ya muwa. Gibson akainamisha kichwa, kama alivyofanya tangu mtoto. Mama akapiga funda, akavuta pumzi.

Nje, kwenye kijia, zikasikika sauti za wanawake wakitoka kanisani.

Gibson aliinuka haraka, akaenda kufunga dirisha. Akavuta na pazia pia. Kisha akarudi mbele ya mama yake, akainama tena, akangoja.

Maji hayakuja. Niliona koo la Mama Jedidah likipanda na kushuka. Aliyameza.

"Mama?" Gibson aliinua uso.

"Leo siwezi kutasa," alisema, akalitazama lile pazia, akaweka kikombe chini. "Tangu nionyeshwe kwa runinga sijakuwa na hasira na mtu. Sasa ninayo."