Filamu za Hovyo Nilizomsimulia Mke Wangu

Namshukuru Mungu kwa macho yangu, ambayo mpaka leo yanasoma masomo ya misa bila miwani. Lakini nikikumbuka niliyoyatazama kwa macho hayo tangu masika yaliyopita, naona haya mbele ya aliyenipa. Nimetazama filamu, tena nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Katika zote hizo sijaona hata tatu ambazo ningemshauri adui yangu apotezee mchana wake.

Sababu ni mke wangu. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. La kulia halioni kitu, la kushoto linaona mwanga na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Hospitali wamemwandikisha kwa upasuaji, tunasubiri zamu yetu bila kunung'unika. Binti yetu anayekaa mjini, Area D, alipoona mama yake anashinda kibarazani hapa Mkonze akisikiliza kuku, alituletea televisheni yake ya zamani na flashi iliyojaa filamu. Akaniambia, "Baba, wewe utakuwa unamweleza kinachotokea." Nikakubali. Nimekula chakula cha mkono wa mama yake miaka yote hii, ningekataaje?

Tulianza na za hapa nchini. Gari linafika getini. Mlinzi anafungua. Gari linaingia. Tajiri anashuka, anafunga mlango wa gari, anaitazama saa yake.

"Kuna nini sasa?" mke wangu anauliza.

"Gari limeingia."

"Bado tu?"

"Sasa anapanda ngazi."

"Akifika juu uniamshe."

Tajiri huyo hana kazi. Ofisi anayo, yenye meza na ua la plastiki, lakini sijamwona akitia saini hata karatasi moja. Mji wetu umejaa watu wa ofisini. Nawaona jioni wakitoka kazini mabega yameshuka, faili kwapani na mfuko wa nyanya mkononi. Hakuna hata mmoja anayefanana na wale wa kwenye filamu. Msibani nako wanawake wamejipaka rangi ya mdomo, na jeneza linabebwa na vijana wawili kama kreti tupu la soda. Nimezika watu wengi. Maiti ina uzito, na kina mama wa msibani hawana muda wa kioo. Mchungaji naye anakemea pepo kwa sauti ya mnadani, na pepo, kwa adabu kubwa, anatoka papo hapo. Akitakiwa mtu wa kuchekesha, omba-omba au mlinzi mjinga, wanampa lafudhi ya Kigogo. Mimi ni Mgogo. Hatuzungumzi vile hata tukiwa na homa.

Za kigeni zilinichosha zaidi. Mtu mmoja mwenye bastola ndogo anaua ukoo mzima wa watu wenye bunduki kubwa, halafu anatembea polepole huku nyumba inalipuka nyuma yake, wala hageuki kutazama. Mtu asiyegeuka nyumba ikilipuka si shujaa, ni kiziwi. Tena vijana wetu wana mtindo wao wa kuzitafsiri. Kijana mmoja anasema juu ya filamu kwa Kiswahili, na yeye mmoja ndiye baba, ndiye bibi harusi, ndiye mbwa. Jenerali wa Kizungu anatoa amri ya vita, kijana wetu anasema jenerali anaagiza chipsi mayai. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilisema kijana huyo ni mwongo, anatia maneno katika vinywa vya watu wasioweza kujitetea.

"Kwani wewe kule Mlali ulikuwa unafanya nini?" akaniuliza.

Aliyajua, kwa kuwa alikuwepo. Katika ujana wangu nilikuwa katekista kijijini Mlali. Padri alipokuja kwa misa alihubiri kwa Kiswahili, na wazee wetu wengi Kiswahili kiliwafikia nusu, kwa hiyo mimi nilisimama pembeni nikigeuza kwa Kigogo. Padri akitoa mfano wa nyavu na bahari, mimi nilisema fimbo na zizi. Akirefusha, nilifupisha. Akiwakaripia kwa ukali, nililainisha kidogo ili warudi Jumapili ijayo. Wazee walimsifu sana padri yule kwa hekima yake. Sikuwahi kuona kosa katika kazi ile, na mazoea ya miaka mingi hayamtoki mtu kwa kustaafu.

Siku moja flashi ikatupa filamu ya nchi ya mbali. Lugha yake sikuijua hata neno, na maandishi ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya picha. Mke wangu hajui Kiingereza. Mimi nilikipata kidogo kwa mapadre, kwa hiyo nikawa namsomea. Mwanamke amemuuguza mumewe miaka mingi, kumlisha na kumwogesha. Mume anapona, na nguvu alizorudishiwa anakwenda kuzitumia kwa mwanamke mwingine. Mwishoni anarudi, anapiga magoti mbele ya mlango kwenye mvua. Mvua yenyewe ilikuwa ya bomba. Niliona upande mmoja wa barabara ukiwa mkavu. Anaomba msamaha. Mwanamke anamsikiliza kwa ndani, anachukua sanduku, anatokea mlango wa nyuma, anapanda treni na kwenda zake.

Nilichukia. Nimewafundisha wachumba mafundisho ya ndoa kwa nusu ya maisha yangu, na hawa watu wanapamba kuondoka kwa muziki wa vinanda. Maneno yale hayakunitoka mdomoni. Nilimwambia mke wangu kwamba mwanamke alifungua mlango, akamletea mumewe taulo, na siku iliyofuata wakaenda kwa padri kupatanishwa. Mlio wa treni niliuita ngurumo.

"Mungu ashukuriwe," alisema, akajifuta macho. Nilijiona nimefanya kazi njema.

Jumamosi alikwenda kwenye sala ya jumuiya ya mtaani kwetu, akishikwa mkono na jirani, nami nilikuwa mazishini. Baada ya sala kina mama huwa wanaongea kidogo kabla ya kutawanyika, na yeye akawasimulia ile filamu. Wao walikuwa wameiona tayari, ile iliyotafsiriwa na kijana wetu wa chipsi mayai. Wakacheka.

"Bibi, hiyo umeiota. Yule mama amepanda treni."

"Hapana, kafungua mlango. Kaleta na taulo."

"Taulo tena! Bibi, labda ulisinzia."

Akashikilia taulo lake. Kadiri alivyoshikilia ndivyo walivyoacha kucheka, na mmoja akawaambia wenzake kwa upole, "Mwacheni, bibi amechoka." Jumamosi iliyofuata, rozari ambayo mke wangu ameiongoza tangu tulipohamia hapa, anayoijua kwa kichwa na isiyohitaji macho, walimpa mwingine aiongoze. Wakamwambia apumzike.

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake bila kuvua khanga ya kanisani.

"Nijibu kama unavyomjibu Mungu," alisema. "Yule mwanamke alifungua mlango, au hakufungua?"

"Hakufungua."

"Aliondoka?"

"Kwa treni."

"Wanadhani akili imefuata macho," alisema. "Nami wiki nzima nimejiuliza kama ni kweli. Usiku nahesabu majina ya wajukuu nione kama yote yapo."

Nilianza kumweleza kuhusu mafundisho ya ndoa. Akaniambia, "Mzee, sitaki mafundisho. Jumamosi utakwenda uwaambie mwenyewe."

Juma lile sikuwasha televisheni, naye hakuniomba niiwashe. Jumamosi nilimshika mkono tukaenda. Nyumba ilijaa kina mama na wazee wawili watatu. Kabla ya rozari niliomba nafasi, wakadhani nataka kuwatangazia jambo la parokia. Nikasema kwamba mke wangu aliwasimulia sawasawa kama alivyosikia, na aliyesema uongo ni mimi. Nikaeleza juu ya taulo, juu ya padri na ile ngurumo. Hakuna aliyecheka mwanzoni, maana mimi ndiye niliyewafundisha wengine wao amri ya nane, ile ya kutosema uongo. Kisha mama mmoja akaziba mdomo kwa khanga, na mwingine akasema, "Katekista, mbona mwisho wako ndio mtamu? Uende ukatafsiri wewe." Hapo ndipo walipoangua kicheko. Nilistahili.

Yule aliyepewa rozari akainuka, akamwekea mke wangu mkononi. "Tuongoze, bibi. Utusamehe." Akaongoza matendo yote matano bila kukosea neno. Mimi nilijibu pamoja na wengine, kwa sauti ya chini.

Tukirudi aliniambia nimsimulie upya, kama ilivyo, nisiruke kitu. Nikamsimulia. Nilimweleza mume alivyopiga magoti, mvua ya bomba, sanduku, mlango wa nyuma. Nikamtajia hata lile busu la katikati, ambalo mara ya kwanza nilikuwa nimesema ni kusalimiana. Nilipofika kwenye treni nikaongeza maoni yangu: kwamba ni filamu ya hovyo, iliyotengenezwa na watu wasiojua kiapo ni nini, na waliompamba mwanamke yule wangempamba na mwizi wakilipwa.

"Ni ya hovyo," mke wangu alisema. "Lakini alifanya vizuri kuondoka."

Nilimtazama. Alikuwa ameukaza uso mbele, mkono wake juu ya mkono wangu, akitembea kwa hatua zilezile. Nilitafuta la kumjibu katika yote niliyowafundisha wachumba, na mengi yalikuwepo. Tukafika mahali maji ya mvua yalipochimba njia. Nikamwambia kuna korongo dogo mbele, anyanyue mguu.