Aliyeishika Pikipiki ya Mjerumani

Wapo wanaosema mizimu ni maneno ya walevi. Mimi pombe sijaionja, na haya yalinipata mchana, njia ya Matombo, enzi za Mjerumani. Usicheke kwanza.

Nilikuwa fundi wa bwana mmoja wa Kijerumani mwenye pikipiki. Akisafiri, namfuata nyuma kwa baiskeli na mfuko wangu wa spana. Siku hiyo usukani ulimgomea konani, nusura atumbukie korongoni. Gololi za shingo ya usukani zilikuwa zimesagika, na springi za uma wa mbele zimekauka grisi. Akanitazama, akasema, "Naenda misheni kula. Nikirudi haijawa tayari, khamsa ishirini."

Viboko ishirini na tano, ndugu yangu. Fundi aliyenitangulia alivipata, na hakutembea tena vizuri. Nikaapa mgongo wangu hautaguswa.

Sasa, uma hautoki mpaka pikipiki iinuliwe mbele. Kando ya njia palikuwa na rundo la mawe. Mtu wa milimani analijua rundo kama lile: pamezikwa mtu, na kila mpita njia huongeza jiwe lake. Hata mimi nilijua, ila haraka ilinipofusha. Nikachukua manne, nikayapanga chini ya injini, nikafungua uma.

Nilikuwa naosha springi kwa mafuta ya taa nikaona miguu mbele yangu, imejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo," nikasema. Akayaonyesha kwa kidole mawe yaliyo chini ya injini.

"Rudisha mawe. Nitashika mimi."

Nani awezaye kuinua pikipiki peke yake? Kabla sijabisha alikwisha kuiinua. Nikarudisha mawe yote manne, kisha nikaendelea. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikapaka grisi, nikapanga gololi mpya moja moja, nikarudisha uma, nikakaza nati mpaka usukani ukageuka laini bila kuchezacheza. Muda wote huo hakuhema wala kutoka jasho. Alipojigeuza kunipisha, nikauona mgongo wake. Amini usiamini, ulikuwa umechanika kwa viboko, nyama nje, na damu hakuna.

"Nani kakufanya hivi, kaka?"

"Tulikuwa tunachimba barabara hii. Nikachoka. Wewe maliza."

Nikafunga gurudumu, nikainua macho nimshukuru. Hakuna mtu, na pikipiki bado iko hewani. Ikashuka taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Bwana akarudi, akageuza usukani kushoto, kulia, akaondoka. Sikupigwa siku ile wala nyingine. Lakini tangu hapo siwezi kulala chali. Mgongo unaniwaka, na mke wangu huukanda akitafuta kovu asilione.

Basi wewe unayepita njia ile, hata kazi ikubane vipi, mawe yale usiyaguse. Aliye chini yake alipigwa mpaka akafa kwa sababu alichoka. Mwache apumzike.