Sukuma bei gani?

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye bustani ya familia moja hapa Somanda, Usukumani, wanakouzia majirani mboga. Dada mmoja, mgeni mjini, akashuka kwenye bodaboda na kuuliza, "Sukuma bei gani?"

Mama mwenye bustani akaficha fungu la sukuma wiki nyuma ya mgongo. "Wasukuma ni sisi, mwanangu, na hatuuzwi. Tunasalimiwa kwanza."

Dada akaona aibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Fungu likatoka, na majani matatu ya nyongeza juu yake.

Nilicheka mpaka mama akanigeukia. "Na wewe? Kila siku unanunua hapa, hata salamu yetu ya asubuhi, 'mwangaluka', hujawahi kuniambia."

Mimi, Msukuma wa kuzaliwa hapa hapa, niliondoka bila nyongeza ya jani hata moja.