Mtaimbo Wetu Uko kwa Mheshimiwa

Watu wananiambia nisamehe. Tenda wema nenda zako, wanasema. Sasa mimi niende zangu wapi? Makaburi ya wazazi wangu yako nyuma ya jiko letu, na picha ya huyo Mheshimiwa imebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme, kuanzia Igogo ninakoshonea nguo mpaka njia panda ya kwetu. Namwona zaidi ya ninavyomwona mume wangu. Kwa hiyo nitasema, na mwenye kukereka akereke.

Kwetu ni kando ya ziwa, nje kidogo ya Mwanza mjini. Ardhi yetu ni mawe. Ukichimba futi mbili umeshakutana na mwamba, na kaburi ni futi sita. Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na alikuwa na mtaimbo mmoja mzito ambao mhunzi alimtengenezea kutokana na kipande cha reli. Huo ndio uliokuwa mtaimbo wa misiba yote ya pale. Mtu akifa, kabla hata turubai halijafungwa, utasikia hodi mlangoni kwetu: "Shikamoo mzee, tumekuja kuchukua mtaimbo." Baba hakuutoa mikononi mwa mtu hivihivi. Aliubeba mwenyewe begani, akaingia kaburini, akatafuta ufa wa jiwe kwa vidole kabla ya kupiga. Mama alifuata nyuma na beseni la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za wachimbaji. Hivyo ndivyo nilivyowajua wazazi wangu.

Huyo Mheshimiwa alikuja kwetu kama kibarua wa kumchanganyia baba zege. Hakuwa na kwao pale. Baba akampa stoo ya saruji alale, akalala humo miaka miwili, na chakula alikula kwa mama. Nasema alikula! Sahani ya ugali aliyopakuliwa yeye ingeshibisha watu watatu, na mama alikuwa akicheka tu, anasema mwacheni, huyu ana kazi za nguvu. Akamwita mama "mama". Hakumwita mama fulani, hakumwita shangazi. Mama.

Na kazi aliijua, siwezi kumnyima hilo. Baba alimfundisha kuusoma mwamba, na baada ya muda mtaimbo ukahamia begani kwake. Msiba ukitokea alikuwa wa kwanza kuingia shimoni na wa mwisho kutoka, kifua wazi, jasho linamtiririka. Kwetu mtu anapimwa msibani. Unaweza kuwa mlevi, unaweza kuwa na ulimi mchafu, lakini kama unachimba makaburi ya wenzako basi wewe ni mtu. Ndipo tulipokosea, na tulikosea wote: tulidhani anayejua kuwachimbia wafu anajua kuwatengenezea barabara walio hai. Nani alituambia hivyo? Hakuna. Tulijiambia wenyewe.

Tukamchagua mwenyekiti wa kitongoji. Halafu akataka udiwani, na fomu inahitaji wadhamini, na jina la kwanza chini ya fomu ile lilikuwa la baba yangu, kwa mwandiko wake ule wa kusimamasimama. Mimi nilimshonea suti ya Kaunda ya kijivu, bure, kitambaa changu, vifungo vyangu. Alipoijaribu mbele ya kioo cha mama, mama alimtoa uzi begani akamwambia, "Sasa usije ukatusahau." Akacheka. "Mama, nikiwasahau nyie nitamkumbuka nani?"

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Huyu aliinama sana, na alipokipata hakuinama tena. Akiwa diwani bado alikuja misibani, lakini sasa alichimba mara tatu nne, akapigwa picha, akatoka shimoni akijikung'uta suruali. Baadaye akawa haingii kabisa, anasimama pembeni na kuwaambia wengine wapi papigwe. Baadaye tena akawa anakuja wakati wa hotuba tu. Baba aliyaona yote hayo. Nikimwambia, ananijibu, "Ana majukumu, mwanangu." Majukumu! Khaa!

Ulipofika wakati wa kugombea ubunge alikuja nyumbani asubuhi na watu wake. "Mzee, niazime mtaimbo. Nataka niwaonyeshe wananchi nilikotoka." Baba alifurahi kama mtu aliyeletewa mjukuu. Akaupaka mafuta kwanza, ung'ae. Na siku ya mkutano yule bwana akapanda jukwaani, akauinua juu kwa mikono miwili, akapaza sauti: "Kwa chuma hiki nimewazika wazazi wenu! Nani mwingine hapa amewazikia?" Uwanja ukalipuka. Nani alipiga vigelegele kuliko wote? Mimi. Nilipiga mpaka koo likakauka, na nikikumbuka leo natamani kujichapa makofi.

Akashinda. Akaenda Dodoma kuapa, akarudi, akajenga nyumba Pasiansi, mbele yake ziwa, nyuma yake geti la chuma. Mtaimbo haukurudi. Baba alisubiri, akasubiri tena, kisha akavaa koti lake la kanisani akaenda ofisini kwake mjini kuuomba. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane. Kisha msichana mmoja akatoka akamwambia, "Mzee, Mheshimiwa ana wageni. Andika barua, ueleze shida yako." Mtaimbo wako mwenyewe, uuandikie barua! Lakini mlango ulipofunguliwa baba aliuona. Umesimamishwa kwenye kona nyuma ya kiti kikubwa, umepakwa rangi ya fedha. Alinisimulia jioni ile huku akitazama viganja vyake. "Wameupaka rangi," akasema. Barua hakuandika.

Hayo yote ningeyameza. Mtaimbo ni chuma, chuma kinanunuliwa. Sasa nisikilizeni kuhusu mama.

Mama alifariki wakati wa kiangazi, jua lile linalopasua midomo. Maziko yalipangwa saa saba mchana. Mbunge akatuma salamu kwamba asizikwe mpaka yeye afike, kwa kuwa huyu ni mama yake mzazi kabisa, na ana kikao Magu, anamaliza sasa hivi. Baba akasema sawa, tumsubiri, ni mtoto wa nyumba hii. Saa nane simu: Mheshimiwa anatoka Magu. Saa tisa simu: yuko Kisesa. Jeneza lilikuwa nje tangu saa sita, chini ya turubai, na jua likahama, kivuli kikaliacha jeneza. Baba akachukua mwamvuli akasimama kando yake, akamfunika mke wake. Tulimwomba akae, vijana wamshikie mwamvuli. Akasema, "Yaya." Kwa Kisukuma, yaani hapana. Alisimama hivyo mzee wa miaka sabini na kitu, akihamisha mwamvuli kila jua lilipohama. Nzi walikuja. Mnielewe, nzi walikuja kwa mama yangu, mwanamke aliyekuwa akifua hadi vitambaa vya kufunikia maji, na watu wakaanza kubana pua kwa ncha za kanga wakijifanya wanafuta machozi.

Alifika saa kumi na nusu. Magari manne. Akaongea karibu saa nzima, akalia machozi kabisa, akaeleza ugali wa mama, sahani ile, michembe ile, halafu akaingia kwenye habari za maji ya bomba yatakayokuja. Alipoondoka hata chai hakunywa.

Baba hakumtukana.  Kisha jioni moja nikiwa namkata kucha akaniambia, "Nilimwanika mke wangu juani kwa ajili ya yule. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema tumsubiri." Akanishika mkono. "Mimi nikifa, nisisubirishwe kwa ajili ya mtu. Saa saba iwe saa saba. Niahidi." Nikamwahidi. Mtu akishakuahidisha akiwa amekushika hivyo, huna pa kukimbilia.

Mwaka huu baba akafa. Wachimbaji walianza alfajiri, na kwa kuwa mtaimbo wetu ulikuwa umepumzika ofisini na rangi yake, waliazima sururu mbili, zote mipini imelegea. Kaburi la fundi aliyewachimbia watu eneo zima lilitaka kuwashinda kwa kukosa mtaimbo wa fundi huyohuyo. Walimaliza saa sita na nusu, mikono imechubuka. Nikasema moyoni, haya, saa saba inawezekana.

Saa saba ikafika. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Ndugu waombolezaji, tuvute subira kidogo, Mheshimiwa Mbunge yuko njiani."

Nilihisi kama mtu amenimwagia uji wa moto mgongoni. Nikamwendea baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo sasa. Nikapiga magoti. "Baba mdogo, marehemu alikataa kusubirishwa. Aliniahidisha."

"Najua, mwanangu. Lakini Mheshimiwa amenipigia mimi mwenyewe. Binti yangu anatafuta ajira tangu amalize chuo, unalijua hilo. Nusu saa tu."

"Mama naye ilikuwa nusu saa."

"Usinipandishie sauti mbele za watu. Wewe ni mtoto wa kike, maziko yana wenyewe."

Jamani. Nilimpenda baba mdogo, na nampenda, lakini pale ningeweza kumuuma. Nikainuka. Nikatazama jeneza: kivuli cha turubai kilikuwa kimeshaanza kulitoka upande wa miguu. Hapo ndipo nilipoacha kuogopa. Nikaenda kwa mchungaji, nikamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mchungaji, haya maziko ni ya Mungu au ya Mbunge? Nijibu nijue, maana kama ni ya Mbunge mimi naondoka na baba yangu."

 Hata wanawake waliokuwa wakisonga ugali waliacha miko. Mchungaji alinitazama, akatazama saa yake, akafungua kitabu chake akasimama. Akaanza sala. Mshereheshaji akawa bado anaomba subira kwenye kipaza sauti, na hakuna aliyemsikiliza. Wachimbaji wale wa mikono iliyochubuka wakashika kamba bila kuulizwa, wakamshusha baba taratibu. Nikatupia konzi yangu ya udongo, halafu nikachukua beleshi. Watu wakaguna. Nikajaza. Kwenye beleshi la nne au la tano mzee mmoja rafiki wa baba akanipokonya, akaniambia, "Kaa chini, binti, umeshamaliza kazi yako." Wakajaza wote. Ilikuwa haijafika saa nane.

Alikuja saa tisa na nusu. Magari manne tena. Wakati huo watu walikuwa wameshanawa, wanakula. Alishuka na miwani myeusi na shada kubwa la maua ya plastiki, na nawaambieni ukweli, nusu ya watu walisimama, wengine sahani mkononi. Baba mdogo alikimbia ndani akatoka na birika la maji na beseni, amnawishe mgeni mikono aingizwe sebuleni kula. Mpiga picha akatangulia makaburini.

"Dada fundi," akaniambia kwa upole, "mngenisubiri kidogo tu. Mzee alikuwa baba yangu."

 Akaweka shada juu ya udongo mbichi. Mpiga picha akamwambia arudi nyuma kidogo, kidogo tena, aonekane yeye na shada na msalaba. Akarudi nyuma, akapanda juu ya saruji ya kaburi la pili. Kiatu chake kikawa kwenye saruji ambayo baba aliisawazisha kwa mwiko wake mwenyewe.

"Shuka hapo," nikamwambia.

Akashtuka, akashuka. "Samahani. Kwani hili la nani?"

"La mama."

Akavua miwani. Alinitazama kwa huruma ya kweli, mimi naijua huruma ya uongo na ile haikuwa ya uongo. Akanishika bega.

"Pole sana, dada yangu. Sikupata taarifa. Kwani mama alifariki lini?"

 Watu karibu wote waliokuwa pale walimwona akilia juu ya jeneza la mama. Nikamtazama baba mdogo, aliyekuwa amesimama nyuma yake na birika. Baba mdogo akaitazama ile saruji, akamtazama Mheshimiwa, kisha akainamisha birika, akayamwaga maji yote chini, akarudi ndani.