Mizani Kabla ya Jino

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huku Msambweni, nikingoja kung'olewa jino. Mbele yangu alikaa mama mnene kutoka Bodo pamoja na mumewe. Fizi za mama zilikuwa zikitoka damu, na meno mawili yalikuwa yameanza kucheza.

Tabibu wa meno, kijana mpole, alimwomba apande kwanza mizani iliyokuwa mlangoni.

"Nimekuja kwa meno, mwanangu. Mizani ya nini?"

"Mwili ukizidi uzito, mama, fizi nazo huugua upesi na kupona kwa shida. Itabidi tutibu vyote viwili."

Mama alijifunika mdomo kwa leso. "Nikikonda, watu watasema mume wangu hanilishi."

Mumewe aliinama akamvua viatu, kisha akamshika mkono mpaka akapanda. "Waache waseme," alimwambia taratibu. "Mimi nataka tuzeeke pamoja, nawe ukiwa bado na meno yako."

Wanaume wa huku tumezoea kusifu unene wa wake zetu. Mimi sijawahi kumuuliza wangu kama mswaki wake hutoka na damu.