Upana wa Mto

Nilipomaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi kwenye chuo kikuu cha serikali, nilirudi likizo Uvira. Vita vya uasi vilikuwa vimetulia, lakini daraja la njia ya Luvungi lilikuwa limevunjwa. Baba, dereva wa kamyo, alisimama ukingoni na wenzake, wakibishana kama miti waliyoikata ingefika ng'ambo.

"Acheni nipime," nikasema.

"Utapima namna gani bila kuvuka?" baba akauliza.

Nililenga jiwe kubwa la ng'ambo, nikachomeka vijiti upande wetu mpaka pembetatu zangu zikakamilika, kama tulivyofundishwa. Kisha nikapima kamba pale mchangani kwa ule upande wa pembetatu uliolingana na mto, nikaikata.

"Upana wa mto ni huu."

Dereva mmoja akaogelea nayo huku sisi tumeishika ncha nyingine. Alipoivuta ikakaza, ikagusa lile jiwe, na kikabaki kipande kifupi tu mkononi mwake. Watu wakapiga kelele.

"Weye!" baba akanikumbatia akicheka. "Minye nilizani kule uko unasoma makaratasi tu!"

Tulipoilinganisha na kamba, miti ilitosha. Tulianza kuilaza siku ileile, nami nilitamani chuo kifunguliwe kesho yake.