Mahari ya Senje kwa Pesa za Uganda

Mimi vikao vya mahari sivipendi. Wanaume wanakaa kutwa wakizungushana, na sisi tuko jikoni tunasonga obusuma, ugali wetu, tukingoja wamalize kujisifu. Lakini kikao cha senje, dada yake baba, sikuweza kukikwepa, kwa sababu simu yenye bando siku hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Senje aliolewa upande wa Uganda, mbele kidogo ya Malaba, zamani zile shilingi yao na yetu zilipokuwa sawa kabisa. Mumewe alitoa ng'ombe wote isipokuwa wawili. Hao ikakubaliwa walipwe kwa fedha, mia tatu kila mmoja, jumla mia sita. Halafu mambo ya kule yakaharibika, pesa yao ikaporomoka, na mzee wake akanyamaza. Senje akazaa, akalea, akazeeka, na wale ng'ombe wawili wako hewani tu.

Hakuna aliyejali mpaka kitinda mimba wake, msichana pekee, alipopata mchumba kutoka Lumakanda, na watu wa mchumba wakaahidi kuleta mahari ya laki tatu Jumamosi. Kwetu mwanamume hapokei mahari ya binti kama hajamaliza ya mama yake. Akijaribu, wajomba wanakuja kuyachukua na hakuna wa kuwauliza. Lakini senje hakuwa anawaza mahari ya binti. Alitangulia kufika kwetu Kakamega, na jikoni akaniambia waziwazi kwamba amechoka kuhesabiwa hapa kwao kama mtu aliyeenda kutembea akachelewa kurudi. Alitaka kuolewa kabla hajafa. Alisema hivyo akichambua kunde, hata hakuniangalia, nami nilimwonea uchungu sana.

Mzee akaja Jumatano na suti iliyopigwa pasi hadi inang'aa. Baada ya chai akatoa bahasha kwa mikono miwili. Baba alipoifungua, zikadondoka mezani sarafu mbili, moja ya mia tano, nyingine ya mia. Za Uganda.

Nilidhani baba atamtimua. Lakini baba mdogo, mwalimu mstaafu wa hesabu, akamwahi. Akatukumbusha kwamba Uganda walishakata sufuri mbili kwenye pesa yao, kwa hivyo mia sita za zamani ni shilingi sita za leo. Shemeji ameleta mia sita. Amezidisha, na kwa haki tunapaswa kumrudishia chenji ya mia tano tisini na nne. Aliyasema hayo na uso mkavu kabisa. Mzee akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasema chenji tubaki nayo.

Baba akamwambia ndugu yake kama amekuja kusaidia upande ule, basi ahamie Malaba. Ndipo nikaitwa nije na simu yangu, nikaulizwa sarafu zile ni ngapi za kwetu. Nikasoma: shilingi ishirini na moja hivi. Hazinunui hata soda. Baba mdogo akataka nipige pia hesabu ya zile shilingi sita. Senti ishirini na moja, nikasema, na tukatazamana, maana hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kuishika senti.

Mzee hakutishika. Akasimama, akatengeneza koti. Alisema siku ya makubaliano shilingi yake na yetu zilikuwa zinatazamana ana kwa ana. Hakuishusha yeye; waliishusha wenye bunduki, na hawakumuuliza. Kwa hivyo tuhesabu kwa kiwango cha siku ile, moja kwa moja: mia sita zake ni mia sita zetu, tupeane mikono yaishe. Haki ya Mungu, kwa muda jambo hilo likaonekana lina akili. Baba mdogo alishaanza kuitikia. Hata baba alikuwa anakuna kidevu.

Senje akaingia kutoka jikoni, mikono ina unga. Mwanamke haingiliangi kikao cha mahari yake mwenyewe, lakini nani angemzuia?

"Mzee, kiwango hicho nimekipenda," akasema. "Basi Jumamosi wale wa Lumakanda nao wapitie kwanza Malaba. Zile laki tatu walete za Uganda. Moja kwa moja."

Mzee akaruka kama mtu aliyekalia siafu. "Hapana, zile ni za Kenya. Laki tatu za Uganda leo hazifiki hata elfu kumi na moja."

"Kumbe kiwango cha leo unakijua."

Mzee akakaa. Akaangalia zile sarafu, akaangalia mlango, kisha akaingiza mkono ndani kabisa ya koti na kutoa furushi la noti lililofungwa kwa mpira. Za Kenya. Bei ya ng'ombe wawili kwa soko la leo, kamili, alishazibadilisha pale mpakani akija. Alikuwa nazo tangu chai! Eti alitaka kujaribu tu. Mimi nilikasirika hadi nikatoka nje.

Baba akapokea, tukaomba, kuku wa heshima, ingokho, akaliwa. Baba mdogo akamrudishia mzee sarafu zake mbili kwa sababu haki ni haki. Jua lilipoanza kushuka mzee akamwambia senje achukue mkoba waende. Senje hakuinuka.

"Nimeolewa leo," akasema. "Bibi harusi hajipeleki kwenye stendi. Ijumaa uje unichukue, na watu wako waimbe kuanzia langoni."

Mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba waliomwimbia siku ile ya kwanza wote walishakufa.

"Basi utaimba mwenyewe."

Akaenda peke yake. Tukacheka hadi Alhamisi, na mimi niliapa kwamba harudi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa namfunga senje kitambaa kipya tuliposikia sauti kutoka barabarani. Sauti moja tu, kavu, inakatika kila baada ya maneno mawili, inakohoa, inaanza tena. Watu wa boda walikuwa wamesimamisha pikipiki kumtazama. Nikakimbilia mlango nimfungulie, maana aibu hiyo ilinizidi hata mimi. Senje akanishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mwache amalize."